Kutoka Stesheni Hadi Stesheni kwa Miguu

Juma hili tuache kidogo mambo ya mbolea na mishahara, twende kaskazini ya Uingereza. Huko kuna desturi moja ambayo mtu akiisikia kwa mara ya kwanza hudhani ni mzaha. Mtu mzima, mwenye kazi yake na akili zake timamu, hukata tikiti ya gari la moshi, kisha hushuka katika stesheni ambayo si ya kwao, wala hana jamaa hapo, wala hana biashara. Hukaza kamba za viatu, akaenda kwa miguu hadi stesheni nyingine, maili tatu, au tano, au nane. Hapo hupanda gari la jioni akarudi nyumbani kula chakula chake. Ukimwuliza alifuata nini, atakujibu kwamba alifuata njia.

Msicheke upesi, maana jambo hili lina akili nyingi. Mwenye motokaa akitaka kutembea mashambani hana budi kurudi pale pale alipoiacha, hivyo matembezi yake ni ya kuzunguka kama ng'ombe aliyefungwa kambani. Mwenye tikiti huenda mbele tu. Tena katika nchi ya milima, mfereji wa maji na reli vyote viwili hutafuta bonde, kwa kuwa mashua haiwezi kupanda mlima, na gari la moshi hupanda kwa shida. Kwa sababu hiyo mara nyingi vitu hivyo viwili huenda sambamba kama ndugu. Anayefuata ukingo wa mfereji hapotei; na akichoka, stesheni haiko mbali.

Nitawapeni mfano mmoja. Katikati ya Uingereza ya kaskazini kuna milima iitwayo Pennines, ambayo ni kama uti wa mgongo wa nchi. Upande wa mashariki ni Yorkshire, nchi ya sufu. Upande wa magharibi ni Lancashire, nchi iliyosifika kwa viwanda vya pamba. Chini ya milima hiyo, upande wa Yorkshire, uko mji wa Huddersfield. Stesheni yake ina nguzo kubwa za mawe hata mgeni hudhani amefika katika jumba la mfalme. Mbele yake imesimama sanamu ya Harold Wilson, mzaliwa wa mji huo, aliyepata kuwa Waziri Mkuu wa Uingereza mara ya kwanza mwaka wa 1964. Tumwache hapo kwanza, tutamrudia.

Tupande gari la kwenda magharibi, tushuke Marsden, kijiji kilicho juu bondeni karibu na kilele. Mfereji uko papo hapo chini ya stesheni. Kabla ya kuanza kurudi Huddersfield kwa miguu, yafaa kwanza kwenda nusu maili upande wa mlimani, mahali maji yanapoingia ndani ya mwamba. Hilo ndilo handaki la Standedge, refu kuliko mahandaki yote ya mifereji katika Uingereza. Urefu wake wapita maili 3, na mahali pengine mlima ulio juu yake una kimo cha zaidi ya futi 600. Kazi ya kulichimba ilianza mwaka wa 1794, ikaisha mwaka wa 1811. Watu walichimba kwa sururu na baruti, wakiwa na mishumaa, miaka kumi na saba.

Handaki lilifanywa jembamba ili kupunguza gharama, hata haikubaki nafasi ya farasi kupita. Nje ya mlima farasi ndiye aliyeivuta mashua kwa kamba, akitembea ukingoni. Ilipofika hapa alifunguliwa akapelekwa juu ya mlima hadi upande wa pili. Wanaume nao walilala chali juu ya mashua, wakaukanyaga ukuta wa mwamba kwa miguu yao, hatua kwa hatua gizani, mpaka wakatokea upande wa pili. Mashua yenye shehena ilichukua saa nyingi. Basi hata ndani ya mlima huo safari ilikuwa ni ya miguu.

Kisha ikaja reli. Kampuni ya reli iliununua mfereji, ikautumia mfereji wenyewe kutoa mawe na udongo wakati wa kuchimba handaki lake kando ya lile la maji. Handaki la kwanza la reli lilifunguliwa mwaka wa 1849, la pili mwaka wa 1871, na la tatu mwaka wa 1894. Mfereji ulimsaidia mshindani wake kujenga nyumba, na nyumba ilipokwisha, mizigo ikahamia huko. Wazee walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Lakini nani mfanyabiashara atakayengoja mashua, naye asikia filimbi ya gari la moshi? Mwaka wa 1944 sheria ilipitishwa ya kuuacha mfereji, na baadaye sehemu zake zikafukiwa.

Sasa tugeuke, tuteremke kurudi mashariki. Kutoka Marsden hadi Huddersfield ni maili 8 hivi, nayo ni njia ya kuteremka tu. Hapa mtaona jinsi mafundi walivyoshinda kilima. Walijenga ngazi za maji, yaani vyumba vya mawe vyenye milango mizito juu na chini. Mashua itakayo kupanda huingia chumbani. Mlango wa chini hufungwa. Maji ya juu huachiwa taratibu, chumba hujaa, na mashua huinuka pamoja na maji hadi kuwa sawa na mfereji wa juu. Kushuka ni kinyume chake. Kati ya Marsden na Huddersfield ziko ngazi 42, na maji huteremka zaidi ya futi 400. Atembeaye huzihesabu moja moja kama tasbihi. Kando yake ni malisho ya kondoo yaliyozungukwa na kuta za mawe yaliyopangwa bila udongo, na majengo marefu ya viwanda vya zamani vya sufu, mengine sasa ni makao ya watu.

Baada ya maili 3 hivi twafika Slaithwaite, jina ambalo wenyeji hulitamka "Slawit", wakimwacha mgeni ahangaike na herufi zilizobaki. Watu wa hapa wana hadithi yao. Zamani, wasema, watu fulani walificha mapipa ya pombe ya magendo ndani ya mfereji. Usiku wa mbalamwezi walikwenda kuyatoa kwa reki ndefu, mara maafisa wa ushuru wakatokea. "Mwafanya nini hapa?" Wakajibu, "Bwana, huoni? Mwezi umeanguka majini, nasi twauvuta." Maafisa waliangalia, wakaona mwezi uking'aa majini, wakawacheka wajinga hao, wakaenda zao. Abunuwasi angewaita watu hao ndugu zake. Tangu mwaka wa 1985 kijiji kimekuwa na sherehe ya kuukumbuka ujanja huo, ambamo watu huchukua taa za karatasi usiku.

Lakini fikirini: mwaka ule wa 1985 mfereji wenyewe haukuwapo katikati ya kijiji! Ulikuwa umefukiwa. Na stesheni nayo ilikuwa imepita katika kaburi lake. Mwaka wa 1963 Richard Beeching, mwenyekiti wa bodi ya reli, alitoa ripoti iliyoshauri stesheni zaidi ya 2,000 zifungwe kwa kuwa hazikuleta faida. Miaka iliyofuata nyingi zilifungwa, na ile ya Slaithwaite ilifungwa mwaka wa 1968. Waziri Mkuu wakati huo alikuwa nani? Ni yule yule mzaliwa wa Huddersfield tuliyemwacha amesimama mbele ya stesheni.

Wenyeji hawakukubali kwamba mambo yamekwisha. Stesheni ya Slaithwaite ilifunguliwa tena mwaka wa 1982. Mwaka wa 1974 watu waliopenda mfereji waliunda chama cha kuuokoa. Wengi waliwaona kama wale wanaovuta mwezi kwa reki, maana penye maji palikuwa na udongo, na mahali pengine pamejengwa juu. Waliandika barua, walichangisha fedha, waliingia matopeni na makoleo siku za mapumziko. Halmashauri za miji zikashawishika, na fedha kubwa zikapatikana baadaye. Mwaka wa 2001 mashua zilipita tena kutoka mwanzo hadi mwisho. Leo mfereji unapita Slaithwaite kando ya barabara, bata wanaogelea mbele ya maduka, na ukingo wake, pale farasi walipotembea, hutembelewa bure na kila mtu.

Wala si hapo tu. Mfereji wa Rochdale, wenye maili 32, ulifungwa kwa vyombo mwaka wa 1952, ukafunguliwa tena wote mwaka wa 2002. Mtu aweza kushuka Hebden Bridge akaufuata hadi stesheni ya Todmorden. Huko Saltaire, kijiji ambacho Titus Salt aliwajengea wafanyakazi wa kiwanda chake kilichofunguliwa mwaka wa 1853, stesheni ilifungwa mwaka wa 1965 ikafunguliwa tena mwaka wa 1984. Kutoka hapo hadi Bingley ni maili 3 hivi kando ya mfereji wa Leeds na Liverpool, na karibu na Bingley ziko ngazi tano za maji zilizoshikana, kazi ya mwaka wa 1774 ambayo hata leo inatumika.

Wakulima watauliza: je, mtu huyo mwenye viatu vizito akitoka mferejini na kukata mashamba, mwenye shamba husemaje? Swali ni la haki, maana ugomvi wa njia ni wa zamani kama jembe. Katika milima hiyo hiyo ya Pennines, tarehe 24 Aprili 1932, mamia ya vijana, wengi wao wafanyakazi wa Manchester, waliingia bila ruhusa katika mlima wa Kinder Scout, uliofungwa kwa ajili ya uwindaji wa ndege. Watano kati yao walitiwa gerezani. Baadaye sheria ya mwaka wa 1949 iliagiza njia za miguu ziandikwe katika ramani rasmi, na sheria ya mwaka wa 2000 ikafungua nyika nyingi za milimani kwa waendao kwa miguu. Njia iliyo katika ramani, tajiri na maskini hupita bila kuomba. Mkulima akiilima katikati ya shamba lake anapotayarisha kupanda, hana budi kuirudisha ndani ya siku 14. Na mpitaji kwa upande wake asitoke katika njia, auache mlango wa boma kama alivyoukuta, na mbwa wake asisumbue kondoo. Kila mmoja ana haki yake, na kila mmoja ana wajibu wake.

Mimi ni karani, sitavilaumu vitabu vya hesabu. Waliouacha mfereji mwaka wa 1944 hawakudanganya. Mapato yalikuwa haba kweli. Ila katika daftari lao hapakuwa na safu ya kuandika kwamba mfuma sufu aliyekaa kiwandani siku sita alipata siku ya saba kutembea kando ya maji bila kulipa senti moja. Jambo lisilo na safu yake katika daftari hufutwa kwanza, kwa kuwa halina wa kulitetea ila wale wanaolitumia.

Njia huishi kwa nyayo. Ikiachwa mwaka mmoja huota majani, mwaka wa pili hulimwa, na mwaka wa tatu watoto huambiwa hapakuwa na njia. Basi wale wazee kwa vijana wanaoshuka Marsden siku ya Jumapili, wakateremka hadi Slaithwaite chini ya manyunyu, wanaburudisha miili yao; na pamoja na hayo kila hatua yao ni kama sahihi katika hati, ya kushuhudia kwamba njia hii ina wenyewe.