Beki aliyemwachilia mtu

Majuzi nilipanda matatu kutoka Nyeri hadi Karatina kumsalimu dada yangu, nikamkuta na huzuni. Kitinda mimba wake, beki wa timu ya shule, alikuwa amefungia viatu vya mpira sandukuni na kuapa kutovivaa tena. Kisa? Katika mechi ya mtoano alidhani refa amepuliza kipenga, akamwachilia mshambuliaji aliyemdhibiti. Bao likaingia, shule ikatolewa. Tangu siku hiyo wenzake wanamcheka.

Nilimketisha kijana nikamsimulia habari za beki mwingine, wa kandanda ya Kimarekani, ile inayochezwa kwa mpira wenye umbo la yai kama raga. Anaitwa Mathias Kiwanuka. Naam, jina la hapa hapa Afrika Mashariki! Babu yake, Benedicto Kiwanuka, alikuwa Waziri Mkuu wa kwanza wa Uganda, kisha Jaji Mkuu, hadi alipotekwa na kuuawa mwaka 1972 chini ya utawala wa Idi Amin. Mjukuu alizaliwa Indianapolis, Marekani, mwaka 1983.

Mwaka 2006 alisajiliwa na New York Giants. Kazi yake ilikuwa kumwangusha mrushaji wa timu pinzani kabla hajaurusha mpira. Ukimwangusha baada ya mpira kumtoka mkononi, timu yako huweza kuadhibiwa.

Novemba 26 mwaka huo Giants walikuwa wageni wa Tennessee Titans. Waliongoza 21-0 hadi robo ya mwisho, Titans wakapunguza hadi 21-14. Wenyeji walipobakiwa na jaribio moja tu, Kiwanuka alimkumbatia mrushaji wao, Vince Young. Angemwangusha, mpira ungekuwa wa Giants. Lakini alidhani mpira umeshatoka, akaogopa adhabu, akamwachilia! Young alichomoka yadi 19, na mwishowe Titans wakashinda 24-21.

"Kisha akaacha mpira, mjomba?" kijana aliuliza.

La, hakuacha. Mwaka 2007 alivunjika mguu, na Giants walipotwaa Super Bowl Februari 2008, yeye hakucheza. Mwaka 2010 aliumia shingo, akakosa sehemu kubwa ya msimu. Alirejea tena. Februari 5, 2012, alikuwa uwanjani Giants walipowalaza New England Patriots 21-17 katika fainali ya Super Bowl. Je, unajua fainali hiyo ilichezewa wapi? Indianapolis, mji aliozaliwa! Aliichezea Giants hadi msimu wa 2014.

Mpenzi msomaji, sikumwambia mpwa wangu kwamba kosa lake ni dogo. Timu ilitolewa, na atalikumbuka. Nilimwambia tu kwamba beki huyo angeacha mpira siku ile, watu wangemkumbuka kwa kosa hilo pekee.

Nanyi wazazi, mtoto akikosea uwanjani au katika mtihani, msiharakishe kumfokea wala kumdanganya kwamba hakukosea. Mpeni nafasi ya kurudi. Wahenga walinena, kuteleza si kuanguka.

Nilipoaga, sanduku lilikuwa bado limefungwa. Lakini juzi dada alinipigia simu: viatu vimeoshwa, vimeanikwa uani. Mechi ni Jumamosi ijayo, nami nitakuwepo.

Tukutane Jumapili ijayo, Mungu akipenda.