Majahazi Saba Hayakuleta Kiswahili

Wako walimu, hapa Mbarara na katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, ambao hata leo huanza somo la asili ya Kiswahili kwa majahazi saba ya Washirazi. Eti Hasan bin Ali na wanawe sita walitweka tanga kutoka Uajemi, wakaja kwa pepo za kaskazi, wakaweka makao Kilwa na kwingineko, na lugha ikazaliwa.

Safari sizikanushi, ijapokuwa tarikh ya Kilwa yataja vyombo saba na Mreno João de Barros, mwaka 1552, ataja viwili tu. Uchunguzi wa mifupa ya kale ya pwani, uliochapishwa mwaka 2023 na kina Chapurukha Kusimba, ulionyesha kuwa tangu takriban mwaka 1000 wanaume wa Kiajemi walizaa na wanawake wa Kiafrika. Basi baba alileta “nahodha” na “bandari”. Mama ndiye aliyemfundisha mtoto kusema.

Asemaye Runyankore ana *omuntu, abantu, amaizi, enyama*. Ahitaji jahazi gani ili aelewe mtu, watu, maji, nyama? Na Mkongomani wa Nakivale, aliyekinyonya Kiswahili kwa mamaye huko Kivu, aambiweje kuwa ni mali ya mabaharia?

Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliamua Kiswahili kifundishwe kwa lazima. Mzazi asiyekitaka husema ni cha wageni, nasi twamkabidhi ushahidi! Somo la kwanza na lianzie kwa *omuntu*. Hasan bin Ali atangoja.