Kipimo Kisichopimwa Hudanganya



Sisi tupakao rangi mabehewa twavaa kofia ya kufunika uso, na hewa ya kuvuta hutujia kwa mpira kutoka kwenye kompresa. Kompresa ikipata moto mno hata mafuta yake yakaungua, au ikivuta moshi wa injini iliyo karibu, hutia kaboni monoksaidi katika hewa hiyo. Gesi hii haina rangi wala harufu. Mtu huumwa kichwa, hulegea, huanguka.

Ndiyo sababu pana kipimo chenye kengele. Sheria ya Marekani yasema hewa ya namna hii isizidi sehemu 10 za gesi hiyo katika sehemu milioni. Kipimo chetu kilionyesha sifuri miezi mingi, nasi tukafurahi. Siku fundi alipokipulizia gesi ya chupa yenye sehemu 20, kilibaki sifuri vile vile. Kumbe kilikuwa kimekufa.

Kukisahihisha si kazi kubwa. Kwanza kipewe hewa safi, kisome sifuri. Kisha kipewe gesi ya chupa iliyoandikwa kiasi chake, kisome kiasi hicho hicho, na kengele ilie. Wakubwa husema chupa ni ghali. Je, jeneza ni rahisi?

Chama chetu na kidai mambo mawili: kadi ya tarehe za kupima itundikwe penye kipimo, na katika kila zamu mfanya kazi mmoja afundishwe kupima. Kadi isipokuwa na tarehe, kazi isianze.