Mhogo Uliopoa
Jioni ufukweni Mama Ngina, Mombasa, watu wanakula mihogo ya pilipili na ndimu wakitazama meli zikiingia Kilindini. Pembeni, daktari bingwa wa radiolojia ameinamia simu: ametumiwa picha ya kichwa cha majeruhi wa ajali, na majibu yanangojwa. Mhogo wake umeshapoa. Mwaka 2015 serikali ilianza kusambaza mashine mpya, zikiwemo za radiolojia, kwenye hospitali mbili za kila kaunti. Nilifurahi, na bado nafurahi. Lakini mashine hupiga picha tu. Wa kuitambua damu iliyovujia ubongoni ni binadamu mwenye macho yanayochoka, na mabingwa hawa ni wachache mno. Kaunti ziwaajiri wengine, jamani. Simu yake inaita tena.