Binti akirudi likizo na maswali



Shule zinapofunga mwezi Juni, mabasi yanayotoka Mwanza kuja Bariadi hubeba mabinti wa bweni na matranki yao. Ni majira yale yale ambayo wakulima wa Simiyu wanauza pamba, fedha inaonekana nyumbani na wageni hawakosekani. Leo ninazungumza nawe uliyempeleka binti yako shule ya masista.

Tuseme ukweli, wengi tuliichagua shule hiyo kwa sababu ya ukuta wake. Geti limefungwa, wavulana hakuna, simu hakuna, Misa alfajiri, rozari jioni, prepo usiku. Tunalipa ada tukitumaini binti atarudi vile vile alivyoondoka, ila na matokeo mazuri. Sina ugomvi na ukuta, umewaokoa wengi. Lakini ndani ya ukuta kuna jambo jingine, na wazazi hatuliulizi.

Katika shule nyingi za Kikatoliki kuna TYCS, umoja wa wanafunzi Wakatoliki, na njia yao ni maneno matatu: Ona, Amua, Tenda. Njia hiyo ilienezwa na padre Mbelgiji, Joseph Cardijn, aliyewalea vijana wa viwandani, na mwaka 1961 Papa Yohane XXIII aliiweka katika waraka wake Mater et Magistra. Mabinti huketi, wakataja jambo linalowasumbua, tuseme mwenzao anayetengwa bwenini au sabuni zinazoibwa. Wanalipima kwa Injili. Kisha kila mmoja anaondoka na la kufanya, na siku nyingine ataulizwa alifikia wapi. Kengele inaweza kumwamsha mtoto aende Misa. Haiwezi kumfanya amsamehe aliyemwibia. Hilo analiamua mwenyewe, na hapo ndipo imani inapoanza kuwa yake.

Sasa binti huyo yuko nyumbani. Asubuhi anapiga magoti, anamsalimu babu, "Mwangaluka". Halafu anauliza. Kwa nini kaka anajisomea wakati yeye anatafuta maji? Mbona mjomba amekuja mara mbili wiki hii, na kila akiingia chumbani mazungumzo ya ng'ombe yanakatika?

Nawe unasema, masista wamemharibu.

Sheria zipo. Mabadiliko ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016 yanamtishia anayeoa mwanafunzi kifungo cha miaka 30. Mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ilikubaliana na Mahakama Kuu kwamba vifungu vya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 vinavyoruhusu binti kuolewa akiwa na miaka 15 vinakiuka Katiba. Lakini hakimu hayupo sebuleni kwako mahari ikipangwa. Aliyepo ni binti, na kauli aliyojifunza kuitoa bila kumvunjia mtu heshima.

Soma tena Luka sura ya pili. Yesu ana miaka kumi na miwili, amebaki hekaluni akiwasikiliza walimu na kuwauliza maswali. Wazazi wamemtafuta siku tatu. Mama yake anamhoji, naye anamjibu kwa swali, wala hawamwelewi. Anarudi nao Nazareti, anawatii. Ndipo Luka anapoandika kwamba alizidi kukua katika hekima. Maria hakusema walimu wa hekaluni wamemharibu mwanawe. Aliyaweka yote moyoni.

Najua, si kila swali la binti limetoka kwa Roho Mtakatifu. Mengine ni ujeuri tu, na mzazi anautambua: anayeuliza kuhusu maji huku amekataa kuosha vyombo, huyo mrudishe kwenye vyombo kwanza. Ila usitumie ujeuri wa siku moja kuzima maswali yote, kwa sababu aliyefundishwa kunyamaza mbele ya mjomba atanyamaza pia mbele ya bosi na mbele ya mume anayempiga.

Kanisani nako tunampa nini akirudi? Kuimba kwaya, kupokea wageni, kupika siku ya sherehe. Jumuiya ndogo ndogo inakutana wiki hii. Mpeni binti wa likizo Injili aisome, kisha mumuulize ameona nini. Na jibu lake likiwagusa ng'ombe wa mjomba, msibadilishe mazungumzo.