MAJI NI ADUI WA UKUTA

Katika nchi za juu za Kenya, kama vile Limuru, Nyeri na Kinangop, kuta za nyumba hupata taabu mara mbili mfululizo kila mwaka. Kwanza huja masika, tangu Machi hadi Mei, na mvua yake hupiga kwa nguvu. Halafu, kabla kuta hazijapata kukauka, huingia miezi ya baridi, tangu Juni hadi Agosti, yenye manyunyu na jua haba. Mvua huulowesha ukuta. Baridi huuzuia usikauke. Ndiyo sababu nyumba ya udongo iliyostahimili masika yote huweza kuanza kumeguka mwezi wa Julai.

Mara nyingi mambo huwa hivi. Mkulima auza viazi vyake, anunua mifuko michache ya saruji, kisha aipiga lipu nyumba yake ya fito na udongo. Nyumba yapendeza, na majirani waisifu. Haupiti muda mrefu ila nyufa zatokea, nyembamba kama nywele. Saruji ni ngumu wala haifuati mwendo wa udongo, ambao hutanuka ukilowa na kusinyaa ukikauka. Maji ya mvua hupenya katika nyufa hizo, lakini hayana njia ya kutoka, kwa maana lipu imeuziba ukuta. Nje waonekana mzima, kumbe ndani udongo umekuwa tope na fito zimeoza au zimeliwa na mchwa. Mwishowe lipu hubanduka kama ganda, na pengine ukuta wenyewe hufuata, usiku, watoto wakiwa wamelala. Fedha ya mavuno imepotea, na hatari imefichwa badala ya kuondolewa.

Basi kazi ya kwanza si lipu, bali kuyazuia maji yasifike ukutani. Upenu wa paa hauna budi kutokeza nje ya ukuta sentimita 60 au zaidi, hasa upande upigwao na upepo. Tena paa lataka mfereji wa bati. Paa la mabati lenye urefu wa mita 6 na upana wa mita 5 likinyeshewa milimita 20 tu za mvua, humwaga lita 600 za maji, yaani mapipa matatu makubwa. Maji hayo yakianguka chini ya upenu, huruka na matope na kuula ukuta miguuni. Yakiongozwa katika mapipa, yatamfaa mama wa nyumba na ng'ombe pia.

Kazi ya pili ni miguu ya ukuta. Anayejenga upya na auweke msingi wa mawe ulioinuka sentimita 30 au zaidi juu ya ardhi, na juu ya mawe hayo atandaze karatasi ya lami, ili unyevu usipande. Mwenye nyumba ya zamani na achimbe mtaro mita moja kutoka ukutani upande wa mlimani, na ardhi iteremke kutoka nyumbani, wala isielekee nyumbani. Karani mwenye nyumba ya mawe asidhani kwamba yeye amesalimika. Akirundika udongo wa bustani ya maua ukutani hadi ukapita ile karatasi ya lami, unyevu utapanda, rangi itabambuka, na chumba cha watoto kitanuka uvundo.

Baada ya hayo ndipo lipu ifuate. Ukuta wa udongo wapatana na lipu ya udongo: mfinyanzi, mchanga, nyasi zilizokatwakatwa na samadi ya ng'ombe. Akina mama wengi waijua kazi hii tangu zamani. Kwanza na ijaribiwe mahali padogo. Ikipasuka baada ya kukauka, iongezwe mchanga. Juu yake hupakwa chokaa, nyembamba, mara tatu au nne. Chokaa haiufungi ukuta. Huacha unyevu utoke. Mafundi wa Lamu walijenga kwa mawe ya matumbawe na chokaa karne nyingi zilizopita, na nyumba zao zingali zimesimama kando ya bahari. Lakini apakaye chokaa na ajihadhari, maana huunguza macho na ngozi.

Kazi hizi zafaa kufanywa Januari na Februari, wakati wa ukavu, wala ukuta uliolowa usipigwe lipu. Kila mwaka mwenye nyumba na aizunguke nyumba yake kabla ya masika, atazame miguu ya kuta, na ajaze kila ufa kwa udongo. Ndoo moja ya udongo mwezi wa Februari ni kazi ya asubuhi moja tu. Wahenga walisema kwamba asiyeziba ufa atajenga ukuta. Na ukuta wa kujengwa Julai, katika baridi na tope, ni kazi nzito.