"Imeungua!" Nani kapima?

Najua mnasubiri niendelee na ile stori ya foleni ya kantini, lakini itasubiri. Leo nina ugomvi na neno moja tu: IMEUNGUA.

Mnalijua. Kompyuta ya mezani imefungwa leo, vipande vyote vipya, unabonyeza swichi, kimya. Anaitwa mtu mwenye sifa ya "kujua mambo ya kompyuta". Anaiangalia kama daktari anayemwona mgonjwa kupitia dirishani, anabonyeza mara mbili, anasikitika, halafu hukumu inatoka: "Madabodi imeungua hiyo." Kapima na nini? Hakuna. Kaiona tu.

Nasema hivi bila kumung'unya maneno: mtu anayesema imeungua kabla ya kupima hana tofauti na mpiga ramli. Tofauti pekee ni kwamba mpiga ramli anakuomba kuku, huyu anakuomba laki.

Chumbani kwetu tuko wanne, wote walimu watarajiwa. Bumu lilipotoka tulichanga, tukaenda Kariakoo kununua kompyuta kipande kimoja kimoja: kasha, pawa saplai, madabodi, prosesa, ramu, diski, na monita ya mtumba. Hatukutaka gemu. Tulitaka kuwachapia watu ripoti za utafiti, maana kila mwaka wa mwisho wanahangaika, na hela ya kuchapa ukiipiga hesabu vizuri inalipa chakula cha muhula. Mmoja wetu aliingiza mpaka hela aliyoitunza kwa ajili ya kwenda mazoezi ya kufundisha mkoani, yaani nauli na godoro la kulalia huko. Kwa hiyo mnielewe ninapokasirika, sikasirikii chuma.

Kijana wa dukani ndiye aliyeifunga. Umeme ulikuwa umekatika, tukaambiwa "mtaiwashia hukohuko". Tukaileta kwa bajaji tumeipakata kama mtoto mchanga. Chumbani tukachomeka, tukabonyeza. Feni ikatikisika, labda robo ya mzunguko, ikasimama. Tukabonyeza tena, hata kutikisika hakuna.

Dukani kwa simu wakasema mzigo ukishatoka haurudi. Fundi tuliyeelekezwa (simtaji, na wala hamumjui) akaja, akanusa kasha, kweli alinusa, akasema: "Dada zangu, madabodi imekufa. Laki na themanini, na ufundi thelathini. Halafu hizi kazi mngetafuta mtu wa kiume awasimamie." Mwenzetu wa godoro akaanza kuulizia mtu wa kumuuzia simu yake.

Sasa twende taratibu, maana hapa ndipo penye uhondo. Ile feni kutikisika ni ushahidi. Ni kama mtuhumiwa amefungua mdomo akasema neno moja, halafu polisi anaandika "alikaa kimya".

Swichi ya mbele ya kompyuta siyo kama swichi ya taa ya chumbani. Zamani kidogo ilikuwa hivyo, umeme wa ukutani unakuja mpaka kwenye kitufe. Lakini tangu Intel ilipotoa mpangilio wa ATX mwaka 1995, kitufe kinapeleka ombi tu. Ukichomeka waya ukutani, pawa saplai inatoa volti 5 za kusubiri hata kabla hujawasha chochote, kwa waya wa zambarau. Madabodi nyingi zina kataa kadogo kanakowaka kuonyesha hilo. Ukibonyeza kitufe, vipini viwili kwenye madabodi vinagusana, madabodi inaushusha waya wa kijani, na hapo pawa saplai inaamka na kutoa volti 12, 5 na 3.3. Ikikuta mahali umeme unapita njia ya mkato, yaani shoti, inajikata yenyewe haraka ili isiunguze kitu. Na ikishajikata, nyingine hazikubali kuamka tena mpaka uzime swichi ya nyuma na kusubiri kidogo.

Someni tena hiyo aya halafu mkumbuke feni yetu. Imetikisika: kwa hiyo umeme wa ukutani upo, kitufe kinafanya kazi, madabodi imepokea ombi na kulipeleka. Ikakatika papo hapo: kuna kitu kimeifanya pawa saplai ijikate. Mara ya pili kimya kabisa: imejifunga. Hiyo "maiti" ya fundi ilikuwa imeshatuambia mambo matatu bila kufungua skrubu hata moja!

Tulichofanya hakikuhitaji mwanamume wala laki na themanini. Mwenzetu anayesoma ualimu wa Fizikia alikuja na mita. Kwanza tukaangalia ya kijinga, maana ya kijinga ndiyo yanayoliwa hela zaidi: soketi ina umeme? (Chaji ya simu inatosha kujibu.) Swichi ya nyuma ya pawa saplai iko upande wa mstari au wa duara? Kile kiswichi chekundu cha volti, kwa zilizo nacho, kiko 230? Kikiwa 115 kwa umeme wetu, hapo ndipo utasikia mlio na neno imeungua litakuwa halali. Ile plagi pana ya pini 24 imeingia mpaka ikalia "ta"? Na ile ndogo ya pini 4 au 8 karibu na prosesa, ambayo watu huisahau kwa sababu imejificha kwenye kona?

Vyote sawa. Tukachomoa waya ukutani, tukaitoa pawa saplai kila mahali ilipochomekwa, tukaunganisha waya wa kijani na mweusi mmoja kwa kibanio cha karatasi, ndipo tukairudisha ukutani. Feni yake ikazunguka vizuri kabisa. Mita ikasoma 12.1 kwenye waya wa njano, na inaruhusiwa kati ya 11.4 na 12.6. Pawa saplai haina hatia. (Angalizo kwa watakaojaribu: siku hizi nyingine nyaya zote ni nyeusi, basi tafuta mchoro na uhesabu mpaka pini ya 16. Nyingine feni yake haizunguki ikiwa haina mzigo, usiihukumu kwa macho, pima. Na boksi lenyewe la pawa saplai USILIFUNGUE, ndani mna umeme unaobaki hata ukishachomoa.)

Halafu tukaitoa madabodi ndani ya kasha, tukailaza juu ya boksi lake la karatasi, prosesa na feni yake, ramu moja, basi. Hakuna diski wala waya wa mbele. Tukagusisha vile vipini viwili vya kuwashia kwa ncha ya bisibisi, sekunde moja.

Ikawaka. Monita ikaandika kwamba haioni diski. Sijawahi kufurahia ujumbe wa kulalamika namna ile.

Kwa hiyo kilichoua kilikuwa ndani ya kasha. Tukakaa chini na tochi ya simu, na hapo tukamwona mchawi: kijiguu kimoja cha rangi ya dhahabu, vile vya kuinulia madabodi isiguse bati, kimefungwa mahali ambapo madabodi yetu haina tundu. Kilikuwa kinagusa risasi za kuunganishia kwa chini, kinapeleka umeme moja kwa moja kwenye bati. Shoti. Tukakifungua kwa vidole. Gharama: sifuri. Nimekiweka kwenye kopo la kalamu, nakitazama ninapoandika hapa.

Najua kuna watakaosema nawaonea mafundi. Hapana. Pale nje ya geti kuna kijana anatengeneza simu, hajakanyaga chuo, lakini hagusi kitu kabla mita haijasema. Yule ni fundi kwa maana yote ya neno hilo, na nikipata hela nampelekea yeye. Tena kuna vitu vinaungua kweli. Utaona vikopo vya madabodi vimevimba kichwani, utaona weusi, utasikia harufu ambayo hata mtoto ataijua. Basi nionyeshe! Nishike mkono unionyeshe pale palipoungua. Ninachokataa ni hukumu isiyo na ushahidi, ikitolewa na mtu ambaye kwa bahati nzuri kabisa ndiye anayeuza dawa.

Lakini ngoja niwageukie na ninyi walimu wenzangu, maana hasira yangu haiishii kwa fundi. Kwa nini wasichana wanne wa chuo kikuu tulikuwa karibu kuamini? Mmoja wetu ana A ya somo la kompyuta ya kidato cha nne! Anaweza kukutajia vifaa vya kuingizia na vya kutolea taarifa usiku wa manane ukimwamsha. Alifundishwa kwa chaki. Kompyuta aliyoisoma ilikuwa imechorwa ubaoni, na kompyuta ya ubaoni haiharibiki.

Hapa chuoni tunakariri ngazi za Bloom za mwaka 1956, maarifa, ufahamu, matumizi, uchambuzi na kuendelea, halafu tukienda mazoezi ya kufundisha tunaishia ngazi ya kwanza. "Taja sehemu nne za kompyuta." Katajiwa, kapata nne kwa nne, kaondoka. Tangu 2007 nchi ina sera ya TEHAMA katika elimu, na kabla ya hapo, mwaka 1967, Mwalimu Nyerere alishaandika Elimu ya Kujitegemea akiilaumu shule inayotukuza kitabu na kuisahau kazi ya mikono. Tunavijibia mitihani vyote hivyo. Insha kali kabisa, zenye marejeo. Kisha feni inatikisika na hakuna anayejua imesema nini.

Msiniambie hakuna vifaa. Kwenye stoo za shule nyingi kuna kompyuta mbovu zimelundikwa zinaota vumbi. Ile mbovu ndiyo somo lenyewe! Kompyuta nzima inakufundisha kuandika barua. Mbovu inakufundisha kuuliza: umeme umefika wapi, umekomea wapi, nikiondoa hiki kitu kinabadilika nini? Wape watoto watano kompyuta moja isiyowaka na bisibisi moja, waya wa ukutani ukae kwa mwalimu, kisha waambie waandike walichoondoa na walichokiona. Ikibaki mbovu, hasara ipo wapi? Ilikuwa mbovu tangu mwanzo.

Na kuna mwenzangu wa darasa la mbinu aliniuliza, "Wewe wa Kiswahili na Historia, pawa saplai zinakuhusu nini?" Zinanihusu sana, kaka. Kwenye mazoezi mwaka jana nilikuta kidato cha pili mtoto ambaye walimu wote ofisini walishamwita "mzito". Nilipokabidhiwa darasa nikaambiwa nisijisumbue naye. Alikuwa anakaa nyuma dirishani. Nilimwomba anisomee sentensi niliyoandika ubaoni, akashindwa. Nikampa ileile kwenye daftari, akaisoma bila kugugumia. Mtoto haoni mbali! Miaka miwili anaitwa ameungua, na hakuna aliyechukua dakika moja kupima. Yule fundi wa laki na themanini alisomea wapi tabia yake? Kwetu. Madarasani.

Basi. Ripoti ya kwanza tumeichapa juzi, kurasa sitini na mbili, mteja kalipa nusu na nusu nyingine anasema mpaka ijumaa (tutaona). Godoro limesharudi kwenye bajeti, simu haijauzwa.

Jumamosi baada ya saa nane tutakuwa kwenye chumba cha kujisomea cha ghorofa ya chini. Block ya pili wana kompyuta yao imelala tangu muhula uliopita, nayo wameambiwa imeungua. Tumewaomba waje nayo. Anayetaka kuona aje na bisibisi ya nyota na kibanio cha karatasi. Mwenye mita asiiache. Chai kila mtu na kikombe chake.